Siku Tuliyowahamisha Ng'ombe wa Mama Anande

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki yenye mfano wa kompyuta, na sehemu ya kibodi mkanikatia mimi. Nashukuru, ingawa meno yangu si ya kula kibodi tena. Kisha mkaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, "hata kurasa chache tu, Mama Upendo." Haya, nimekaa kibarazani hapa Machame, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja vyenyewe kama mvi, na mishahara mnaijua ilivyokuwa kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo mnayoilalamikia ninyi. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha, na siku moja ambayo nusura ng'ombe wa nusu ya mlima wapotee ndani ya chumba chetu cha seva.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya themanini kwenye karakana ya taipureta mjini Moshi. Nilikuwa nimepanga chumba Pasua, natoka asubuhi na chai ya rangi tumboni. Biashara ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa. Maduka yalianza kupata bidhaa, lakini vipuri vya taipureta bado vilikuwa vya kuota ndotoni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Swai, mtu wa Machame kama mimi, mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Springi akizikosa alizitengeneza kwa spoku za baiskeli, na zilidumu kuliko za kiwandani.

Siku yangu ya kwanza aliniwekea mezani taipureta mbovu, akaniambia nisiiguse. Nikadhani ananitania. Ilipofika saa nne nikanyoosha mkono kwenye skrubu moja, akanigonga vidole kwa brashi ya kusafishia herufi.

"Nimekwambia nini?"

"Nisiiguse, Mzee. Lakini sasa nitaitengenezaje?"

"Kilichoharibika hakikimbii. Kiangalie kwanza mpaka ujue kimeharibika wapi. Ukianza kufungua kabla ya kujua, utakuwa na matatizo mawili, lake na lako."

Nilichukia sana. Nilitaka kazi, si mahubiri. Mchana nilipomwonyesha kwamba mkono wa herufi moja ulikuwa umepinda na kuzuia wenzake, alinipa koleo, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa pekee niliyoipata mwaka ule.

Jambo jingine nililolikuta pale ni isale. Ninyi mliokulia mjini mnayajua masale kama majani ya kupandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, au ya kupelekwa kwa mtu ukimwomba msamaha. Lakini jani moja likifungwa mahali pia linasema: hapa usiguse, usipite. Jengo letu lilikuwa na swichi kuu moja ukumbini, tuliyoitumia pamoja na mafundi cherehani na duka la dawa. Mzee Swai akiwa na mikono ndani ya mashine ya umeme alizima swichi, akafunga isale kwenye mpini wake, akaendelea na kazi. Hakuna aliyegusa. Hata wateja wa cherehani, wakikuta giza na jani, walikaa kwenye benchi wakasubiri. Haikuandikwa popote wala haikuelezwa kwa mtu, kwa sababu wote tulikuwa watoto wa migomba ile ile.

Miaka ya tisini kompyuta zikaanza kuingia, nyingi zikiwa zimetumika na kuchoka huko zilikotoka. Ya kwanza ilipofika, mafundi cherehani walikuja kuitazama wakiwa na tepu shingoni. Mzee Swai aliifungua, akachungulia kwa kurunzi, akasema, "Humu hakuna kinachosogea. Sasa kinaharibikaje?" Hata hivyo alijifunza, taratibu, kwa ule ukaidi wake. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam kwa kozi, nikarudi na cheti na mafua ya kiyoyozi. Karakana ikawa ofisi, taipureta zikahamia stoo, na tajiri mpya akaingia, Bwana Lema, kijana aliyesoma nje na asiyependa kusubiri hata chai ipoe.

Tusogee sasa hadi miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zilipokwisha kupanda mpaka vihambani. Bwana Lema alikuwa amenunua seva moja kubwa na kuifunga programu inayoigawa ndani kwa ndani, ile haipavaiza, ili mashine moja ya chuma ibebe mashine pepe kadhaa. Kila mteja alikuwa na mashine yake pepe: shule moja, zahanati moja, duka la pembejeo la Sanya Juu, na kituo cha mifugo cha mlimani. Kila mmoja aliona kama ana kompyuta yake peke yake, kumbe wote wamelala kitanda kimoja.

Mashine ya kituo cha mifugo ilikuwa ya Mama Anande. Tuliizoea kuiita hivyo kwa sababu kila kilichokuwamo kilitoka mkononi mwake. Alikuwa mtaalamu wa mifugo, mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira hata akija benki. Kwa miaka mingi alipita kihamba kwa kihamba akiandika kila ng'ombe wa maziwa: ni wa nani, mama yake nani, baba yake dume gani, alizaa lini, anatoa maziwa kiasi gani. Huku kwetu ng'ombe anafungiwa bandani, analetewa majani, na dume hamwoni maisha yake yote. Anapandishwa kwa mrija wa mbegu. Mwenye ng'ombe asipojua baba wa ng'ombe wake, anaweza kumpandisha kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, na ndama akazaliwa dhaifu au asizaliwe kabisa. Mama Anande alikuwa amepigana na jambo hilo tangu ujana wake. Kadi zake za zamani zilikuwa zimeingizwa kwenye mashine yetu, na zilizobaki stoo ya kituo mchwa walikwisha kuzila.

Ikafika wakati wa kupandisha toleo la haipavaiza. La zamani lilikuwa halihudumiwi tena na diski zilikuwa zinajaa. Mpango wetu ulikuwa mzuri: tunafunga toleo jipya kwenye seva mpya, tunazima mashine pepe moja moja, tunanakili faili zake upande wa pili, tunaiwasha na kuikagua, ndipo tunaifuata nyingine. Shule ikavuka, zahanati ikavuka, duka la Sanya Juu likavuka. Ya Mama Anande tukaiacha iwe ya mwisho, tuifanye Jumamosi ambapo kituo kingekuwa kimefungwa.

Katika kuiandaa, siku ya Ijumaa, niliona kitu kilichonikausha mate. Mafundi waliotufungia ile seva ya zamani walikuwa wamepiga "picha" ya hali ya mashine ile, kama mtu anavyoweka alama kabla ya kujaribu kitu, kisha wakaondoka bila kuiondoa. Ukishapiga picha ya namna hiyo, faili kubwa la diski linafungwa, haliandikwi tena. Yote mapya yanaandikwa kwenye faili la pembeni. Ni kama kuacha daftari lako ukaanza kuandika kwenye karatasi zilizochomekwa mwishoni, na huna habari. Picha ile ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili. Mbaya zaidi, bakapu yetu, ile nakala ya akiba ya kila siku, ilikuwa inachukua faili kubwa tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hakuna aliyekuwa ameuona.

Nilimwambia Bwana Lema kwamba kesho, kabla ya kugusa chochote, tutanakili kila faili, kubwa na la pembeni. Akaitikia kwa kichwa. Jumamosi nilipofika nikamkuta amewahi, amekaa mbele ya skrini anatabasamu.

"Nimekupunguzia kazi," akasema. "Mwongozo unasema picha za zamani ziondolewe kabla ya kuhama. Nimeshabonyeza."

Kuondoa picha maana yake ni kuchukua yote ya faili la pembeni na kuyachanganya ndani ya faili kubwa. Kazi hiyo ikianza huikatizi, unaiombea tu. Nilitaka kupiga kelele. Nikamwita Mzee Swai, ambaye alikuwa amestaafu lakini Jumamosi hakuweza kukaa nyumbani, nikamwambia, "Mzee, umeme usikatike. Leo usikatike kabisa." Betri zetu za akiba zilikuwa zimezeeka na tulizijua. Mzee akatoka nje, akarudi na isale bichi, akalifunga kwenye swichi kuu ukumbini. Mara hii swichi ilikuwa imewashwa, lakini maana ilikuwa ile ile: usiguse.

Sasa, mwenye jengo alikuwa ameajiri fundi umeme mpya, Joseph, kijana mwenye adabu, mzaliwa wa kule chini kwenye mashamba ya miwa, ambako wazazi wake walikuja kutafuta kazi kutoka Kigoma. Asubuhi ile alikuja kubadilisha taa ya ukumbini. Akaona jani bichi limefungwa fundo kwenye swichi ya umeme. Joseph alikuwa mlokole. Alilitazama, akajua moja kwa moja kwamba kuna mtu amewawekea dawa mafundi cherehani. Akakemea kwa jina la Yesu, akalifungua, akalitupa nje, akazima swichi ili afanye kazi yake salama.

Betri zikalia, zikashika kidogo, zikanyamaza. Chumba cha seva kikawa kimya, na sijawahi kuuchukia ukimya kama ule.

Mimi na Mzee Swai tukatoka kwenda ukumbini. Joseph alikuwa juu ya ngazi anaimba pambio.

"Nani ametoa isale?" Mzee Swai akauliza.

"Shikamoo, Mzee. Ile dawa? Nimeiondoa. Msiogope, haina nguvu tena."

Nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Joseph akashuka ngazini, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Dada, mnisamehe sana. Lakini kwa nini hamkuandika tu 'usizime'? Kusoma najua." Ile karatasi ya plastiki iliyoandikwa USIZIME, ambayo mnaicheka kwa ukubwa wake, ilianza Jumatatu iliyofuata.

Umeme uliporudi, Mama Anande naye akaingia mlangoni, buti zikiwa na tope. Nikamwamkia, hata hakuitikia vizuri, akaniita kwa jina langu la nyumbani.

"Naike, mwanangu, nifungulie mashine upesi. Kuna mtamba wa Mama Ndeshi kule juu, yuko kwenye joto tangu jana. Yule mjane hana ng'ombe mwingine. Mtu wa mbegu yuko pale bandani, ana mbegu za madume mawili kwenye mtungi, na anataka kujua baba wa yule mtamba ni nani."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa, na joto lake, yaani zile saa za kutaka dume, halimsubiri mtu. Likipita, unasubiri mzunguko mwingine. Nikamweleza Mama Anande kilichotokea, bila kupunguza. Akakaa kwenye kiti cha wageni kama aliyesukumwa.

"Ruwa wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kichaga. "Wote?"

"Sijui bado, Mama."

Bwana Lema alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwenye kibodi. "Iwashe tu tuone."

"Hapana."

"Mama Upendo, mteja yupo hapa. Huenda ni nzima."

"Lile faili kubwa limechanganywa nusu. Mashine ikiamka sasa hivi itaanza kuandika juu yake, na ikishaandika, la pembeni halitalingana nalo tena. Hapo hata malaika hawatatusaidia."

"Mimi ndiye bosi hapa."

"Ndiyo, bosi. Ndiyo maana nataka nikurudishie mashine nzima." Nikavuta kiti, nikakaa kati yake na kibodi. Sikuwa jasiri, niwaambieni ukweli. Nilikuwa na hofu kuliko yeye. Lakini nilijua kwamba kilichoharibika hakikimbii, na kwamba wa kukimbia siku ile tungekuwa sisi wenyewe.

Bwana Lema akasema basi tutumie bakapu. Nikaifungua ile ya usiku uliopita kwenye seva mpya, makusudi, ili Mama Anande aone kwa macho yake. Orodha ikaja, ng'ombe wamejaa. Akatafuta mtamba wa Mama Ndeshi. Hayupo. Akatafuta ndama waliozaliwa mwaka uliopita. Hakuna hata mmoja. Bakapu ilikuwa imetunza ng'ombe wa miaka miwili nyuma, na humo mama wa yule mtamba alikuwa bado hajapandishwa.

"Basi kama yule mtamba hayupo, hatuna kitu," akasema Mama Anande. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi nilimzoea akiwafokea madume.

Nikaanza. Kwanza nikanakili kila faili la mashine ile kama lilivyokuwa, bovu na zima, kwenye diski ya kubeba mkononi, na mara ya pili kwenye seva mpya. Ilichukua muda mrefu, na Bwana Lema alipita nyuma yangu mara nyingi akitazama saa. Mama Anande alikuwa akimpigia simu mtu wa mbegu, akimbembeleza asubiri. Mzee Swai alileta chai, akaiweka mbali na mashine. Kunakili kulipokwisha nikaitoa ile diski, nikaiweka kwenye mkoba wangu, mkoba nikauning'iniza begani. Kuanzia hapo, nikikosea, ningekosea kwenye nakala.

Ndipo nikaangalia. Faili kubwa lipo. Faili la pembeni lipo, na ukubwa wake haukupungua, maana haipavaiza haifuti la pembeni mpaka imemaliza kuchanganya. Kama la pembeni ni zima, kuchanganya kunaweza kuanzwa upya tangu mwanzo, na yaliyokwisha kuandikwa yataandikwa tena vile vile. Lakini kuna faili dogo la maandishi, mistari michache tu, linaloiambia mashine kwamba faili hili la pembeni linakaa juu ya faili lile kubwa. Nikalifungua. Tupu. Umeme ulikuwa umekatika wakati linaandikwa.

Nililiandika upya kwa mkono. Nilifungua la mashine ya zahanati nione mistari yake inavyopangwa, nikaandika langu kwa mfano huo, nikibadilisha majina na ukubwa wa diski. Nikajaribu. Mashine ikakataa, ikasema ukubwa haulingani. Nikahesabu tena, nikakuta nimechukua ukubwa wa faili lote badala ya sehemu ya data peke yake. Nikarekebisha. Ikakataa tena. Bwana Lema akapumua kwa nguvu.

"Tumpigie mtu wa Dar," akasema.

"Mpigie," nikamjibu, "mimi naendelea." Na nikaendelea. Kila faili la namna hiyo lina namba yake ya utambulisho, na la pembeni linataja namba ya faili lililo chini yake. Zangu zilikuwa hazilingani. Nikaichimba ile ya chini, nikaisoma herufi kwa herufi kwa sauti, nikaiandika. Jaribio la tatu halikusema kitu. Lilikubali tu, na kazi ya kuchanganya ikaanza upya kwenye seva mpya. Mzee Swai akachukua kigoda chake, akaenda kukaa ukumbini chini ya swichi kuu, mwenyewe, bila jani. Joseph akaenda kukaa naye.

Tulisubiri. Simu ya Mama Anande ikalia, akaipokea, akatazama dirishani, akasema, "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo." Yule mtu alikuwa na vihamba vingine vya kwenda, na Mama Anande hakuwa na sababu mpya ya kumpa. Mwishowe akakata simu na kusema kwamba jamaa amechoka, ameamua atumie mbegu ya Baraka, dume bora kuliko yote mlimani.

Kuchanganya kukaisha. Nikaiwasha mashine. Nilitazama mistari ikipita kwenye skrini, kisha ikaja ile picha ya kijani ya kituo cha mifugo. Nikampisha Mama Anande kiti. Akaandika jina la Mama Ndeshi kwa kidole kimoja, akabonyeza.

Mtamba akatokea. Jina lake, siku aliyozaliwa, mama yake. Na baba yake: Baraka.

Mama Anande akanyakua simu. Ile sauti ya kufokea madume ikarudi yote, mpaka mafundi cherehani wakatoka milangoni.

"Usiweke! Usiweke hiyo, Baraka ni baba yake! Weka ya yule mwingine!"

Sauti ya upande wa pili tuliisikia sote. "Mama, glavu nimeshavaa, mrija uko mkononi."

"Uweke chini!"

Yule mtu akasema, "Haya, Mama. Nimeuweka." Mimi nilikuwa nalia, na wala sikujificha. Mama Anande akaweka simu mezani, akajifuta jasho kwa khanga, akavuta kiti karibu na skrini.

"Sasa nionyeshe wengine," akasema. "Wote. Mmoja mmoja."